Fainali Iliyochezwa kwa Wasemaji

Watu wakisikia kwamba naendesha mashindano ya kadi hapa Meru, swali lao la kwanza huwa ni kamari. Nimechoka kulijibu. Kadi zenyewe zina picha za wanyama, mvua, mawe, wapiganaji na miti inayotembea. Kila mchezaji hukusanya zake, hununua pakiti, hubadilishana na wenzake, kisha huchagua anazozitaka na kuzipanga ziwe seti moja ya kuchezea. Unatoa mnyama wako, mwenzako anatoa wake, wanapambana, na anayeishiwa nguvu kwanza ameshindwa. Mezani hakuna shilingi. Hata mchungaji aliyetukodisha ukumbi alikuja kuchungulia, akaketi, akanywa chai yetu, akaanza kuuliza kwa nini nyati mkubwa vile hawezi kumfikia ndege.

Mimi nina duka la vifaa vya shule. Ni mtu wa Embu niliyeletwa Meru na kazi, nikabaki kwa kupenda. Ndugu zangu husema hewa ya huku imenifanya mkali. Waseme. Mashindano yenye refa mpole huisha kwa watu kurushiana viti.

Kila mara huwa natoa mada, na seti ya kila mtu lazima ifuate mada hiyo. Safari ninayoisimulia, mada ilikuwa mahali unapotoka. Nilisema nataka kuziona kadi na kukutambua kwenu kabla hujafungua mdomo. Nusu ya alama ni za hapo, nusu nyingine ni za kucheza. Mwendesha boda wa Laare alinifurahisha mapema: seti yake ilikuwa majani mabichi na wakimbiaji watupu, kila kitu kinafukuzana kabla hakijanyauka, na asiyejua kwamba miraa ya kwao hukimbizwa sokoni ikiwa mbichi ni nani? Mwalimu mmoja wa Embu, mtu wa sauti kubwa anayetoka upande wa Mbeere, kwenye ukame na mizinga, alileta nyuki na jua kali. Nilimpa alama zake, ingawa alizidai kabla sijazihesabu.

Halafu akaingia mama mmoja wa Timau, mwalimu mkuu mstaafu, amevaa sweta juu ya sweta kama aliyeibeba baridi ya kwao ndani ya mkoba. Wengine walidhani amemleta mjukuu. Alifungua mkoba, akatoa seti yake, akaniuliza, "Madam, ni hapa tunaandikishwa?"

Alikuwa amejifunza mchezo kwa wajukuu waliokuwa wakija kwake likizoni, mwanzoni ili awaamue wakigombana, baadaye kwa sababu aliupenda kuliko wao. Nilipopanga kadi zake mezani nizikague, nilizirudia mara ya pili. Zote zilikuwa zile ambazo wachezaji wangu huzitupa kwenye boksi langu la kona bila kuziangalia mara mbili: ukungu, umande ulioganda, upepo wa usiku, moshi wa jikoni. Hakuna kadi iliyokimbia wala iliyouma. Ukungu ulimfanya mpinzani asiweze kuchagua wa kumshambulia, na baridi iliwazuia wanyama wake kuamka. Katikati ya hayo yote alikuwepo ng'ombe mmoja mnyonge wa maziwa, ambaye kila zamu akiwa bado hai humwongezea mchezaji wake nguvu kidogo. Kazi yote ya seti ile ilikuwa kumfikisha ng'ombe asubuhi.

Nimekagua seti nyingi. Nimeona vijana wakitumia kadi za thamani kujenga vitu visivyo na kichwa wala miguu. Huyu mama alikuwa ameokota takataka za wengine akajenga mteremko mzima wa mlima, na usiku wake, na mtu anayeamka kuangalia zizi. Nilimpa alama zote za mada, na sikuona haja ya kumweleza yeyote sababu.

Wakati wa chai nilimuuliza kilichomleta mbali hivyo.

"Tangu nistaafu, hakuna mtu amewahi kunipinga," aliniambia. "Nikisema itanyesha, wanasema ndio mwalimu, na jua ni hilo linawaka. Wale watoto nao, mama yao amewaambia waache shosho ashinde. Wanafikiri sioni. Mimi nimekuja hapa nipate mtu mmoja wa kucheza na mimi kweli. Akinishinda, anishinde. Akinihurumia, nitajua."

Nilimwahidi kwamba ukumbini mwangu hakuna huruma. Niliahidi haraka mno, maana sikujua kwamba bingwa wetu alikuwa nje, nyuma ya tangi la maji, akinywa chai yake amesimama.

Bingwa wetu ni mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo kule Kianjai. Ni mtu mtaratibu, wa maneno machache, lakini mezani hana mchezo. Seti yake ilikuwa soko la Kianjai kabisa: wachuuzi wanaochukua chochote unachotoa na kukubadilishia, mpaka unaanza mchezo na fahali na kuumaliza na kuku, hujui umeibiwa wapi. Siku hiyo alicheza vizuri kama kawaida, ila nilimwona akizunguka ukutani, akikwepa upande mmoja wa ukumbi. Nilidhani tumbo linamsumbua.

Mama wa Timau aliwagandisha wapinzani wake mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa Embu alitolewa akiwa na nyuki wake wote mezani, wamelala. Bingwa naye alipita upande wake. Nilipotangaza kwamba hao wawili ndio fainali, bingwa alinivuta kando mpaka mlangoni.

"Madam, hiyo siwezi cheza."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Huyo ni mathe wa bibi yangu."

Sasa, siku hizi watu wengi wamelegeza mambo ya ukwe. Utawaona wakipiga picha na mama wakwe zao, wakikumbatiana. Lakini huyu alilelewa kizamani. Kwake, mama mkwe haangaliwi usoni, hamli meza moja, na mikono haigusani. Nami nilikuwa nataka waketi uso kwa uso, magoti yakikaribiana, halafu amuue ng'ombe wake mbele ya watu. Nilimwonea huruma, lakini sheria ni sheria, na nikamwambia asipocheza fainali nitamwandika amekimbia. Aliketi.

Ilikuwa aibu tupu. Alikaa upandeupande, macho kwenye sakafu, akitoa vichuuzi vidogo visivyo na madhara. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona ameshika mkononi kadi ambayo ingempindua mama wa watu pale pale, na hakuitoa. Zamu iliyofuata hakuitoa tena. Ng'ombe wa Timau alinenepa bila kuguswa. Wachezaji waliozunguka meza walianza kutazamana.

Mama aliweka kadi zake chini, akazifunika kwa kiganja.

"Refa," alisema, na sauti yake ikawa ile ya mbele ya darasa, "huyu ananiachia."

Bingwa alizidi kuinama. Mama alisimama, akaniita dirishani, na hapo niliona kwamba alikuwa ameumia kabisa.

"Simlaumu," alisema. "Ni heshima. Ningekuwa na mkwe asiye na heshima ningelia zaidi. Lakini nimefika fainali, na ni yale yale tu ya nyumbani, ndio mwalimu, ndio mwalimu."

Nilitaka kumwambia pole, neno ambalo halingemsaidia. Kabla sijalitoa, aligeuka akaangalia ukumbi, na nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Siku walikuja kwangu kuomba msichana, huyu alifungua mdomo?"

"Sijui, mama. Sikuwepo."

"Hakufungua. Msemaji wake ndiye aliongea, na alinitoa jasho! Alinibishia mpaka jioni. Na hakuna heshima ilivunjika." Alinishika mkono. "Tuletee wasemaji."

Mimi, mtu wa sheria, nilipekua kichwani sheria zote za mchezo na sikupata moja inayokataza. Nilitangaza. Mwendesha boda wa Laare aliruka kuwa msemaji wa bingwa. Mwalimu wa Embu, licha ya nyuki wake, alisema yeye atakuwa msemaji wa mama, na atakayembishia ajipange. Meza tukaiacha katikati ya ukumbi. Mama aliketi upande wa jukwaa, bingwa upande wa mlango, migongo ikielekeana, kila mmoja akiusikiliza mchezo na kumnong'oneza msemaji wake, na mchezo ukaanza upya.

"Wageni wetu," alianza mwalimu wa Embu, amevuta suti yake, "sisi tumeamka na ukungu. Tunauliza mna shida gani na ukungu."

Mwendesha boda alikimbia kwa bingwa, akanong'onezwa, akarudi akijinyoosha. "Hatuna shida. Tumekuja na mchuuzi wa tochi. Tunaomba hiyo ukungu mtuuzie."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nami nilikuwa namtazama bingwa, maana alikuwa amebadilika. Mgongo ulikuwa umenyooka. Alikuwa akinong'ona kwa nguvu, akimshika mwendesha boda sikio, akimrudisha asahihishe. Alikuwa anacheza, na anacheza kwa akili zake zote. Upande wa pili mama naye alikuwa amevua sweta moja. Alimgandishia wachuuzi wawili, bingwa akawabadilisha na fahali. Alimfunika fahali kwa umande, bingwa akangoja bila haraka mpaka umande ukaisha. Sijawahi kuona mchezo mzuri kama ule tangu nianze kazi hii, na sitarajii kuuona mwingine hivi karibuni. Kila alichojenga mama kwa subira, mkwe wake alikitafutia mlango, na kila mlango aliuona mama mapema akauziba, isipokuwa mmoja.

Ulikuwa wazi upande wa ng'ombe. Moshi wa jikoni ulikuwa umekwisha, na fahali alikuwa macho. Mwendesha boda aliinama kungojea agizo, lakini bingwa alifumba macho. Nilijua anachofikiria. Nusura nimpigie kelele. Nilimtazama mama: alikuwa ameshajua, na alikuwa amekaa wima, akisubiri kujua atapewa nini.

Bingwa alifungua macho, akanong'ona.

Mwendesha boda alirudi mezani taratibu, bila mbwembwe. "Upande wetu unasema," alisema, "tunaomba radhi, na tunamchukua ng'ombe."

Mama alikuja mezani mwenyewe. Alizikagua kadi zote, zake na za mkwe, akatafuta njia ya kutokea, akarudia kutafuta. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichomfanya ashike ukingo wa meza, machozi yakimtoka.

"Nimepigwa!" aliwaambia watu. "Mmeona? Nimepigwa kabisa!"

Nimekabidhi vikombe kwa washindi wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na furaha ile. Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akamgeukia msemaji wake.

"Mwambie mgeni wetu, Jumapili wakija nyumbani asiniletee sukari. Alete hizo kadi."

Mwalimu wa Embu alikohoa, akajiandaa kuusafirisha ujumbe. Hakupata nafasi. Kutoka upande wa mlango, bado amegeukia nje, bingwa alijibu mwenyewe.

"Nitakuja, mama. Lakini sitakuachia."

"Ole wako uniachie," alisema mama, akaanza kukusanya kadi zake.