Kokwa Pembeni mwa Mkeka

Karata zile ninazo mimi sasa. Zimelainika kwa mafuta na vidole, na kila nikizishika natamani veranda yetu ya Rumonge.

Mchezo wenyewe mdogo wangu aliuona kwa rafiki yake Bujumbura, akarudi nyumbani na kuuchora upya kwenye maboksi ya sabuni. Aliuchora vibaya. Mitumbwi yake ilifanana na viatu, na mchikichi mmoja, naapa, ulikuwa na sura ya mjomba wetu. Lakini mchezo ulikuwa rahisi. Hata mimi nisiye na subira niliuelewa kabla chai haijapoa. Unaanza na karata ya shamba. Shamba linakupa chikichi, chikichi zinakupatia kinu, kinu kinakupa mafuta, mafuta yananunua mtumbwi, na mtumbwi unaleta ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Kila ulichopata kinakuzalishia kingine zamu ijayo. Mafuta tuliyahesabu kwa kokwa za chikichi, ambazo kwetu hazikuisha kamwe.

Tulicheza baada ya swala ya alasiri: Papa, Mama, mdogo wangu na mimi. Nafasi ya karibu na mlango ilikuwa ya dada yetu mkubwa, naye alikuwa Uvira. Alimfuata mvuvi wa Kikongo, Mkristo, bila ruhusa ya Papa, na Papa akaapa jina lake lisitajwe tena. Kwetu, siku ya kukamua mawese, mafuta ya kwanza hayaendi sokoni mpaka kila mtoto wa nyumba ajaziwe chupa yake, hata aliyeolewa mbali. Chupa ya dada, Papa aliamuru isijazwe. Mama aliiosha, akaificha nyuma ya mitungi. Hilo liliniuma kuliko kile kiapo.

Papa alicheza vibaya mno. Kila kinu kilipompa mafuta, kabla hajanunua chochote, alitoa kokwa moja na kuiweka pembeni mwa mkeka. Mdogo wangu alikereka.

“Papa, hiyo haiko na kazi. Utabaki na kinu kimoja mpaka mwisho.”

“Mafuta hatuuzishake yote,” Papa alijibu. “Nyinyi watoto wa siku hizi mutauzisha mpaka na chupa.”

Tulicheka, naye akashindwa kama kawaida. Mchezo ulipokwisha, kokwa zetu zilirudi kikoponi. Zake za pembeni alizitia mfukoni, na siku iliyofuata akazipanga palepale. Nilidhani ni ubishi tu. Papa ni mbishi, nami nimemrithi.

Mpaka siku moja miguu ilikufa ganzi, nikainyoosha kuelekea mlangoni na kuzisukuma zile kokwa.

“Toa miguu!” Papa alifoka. “Hapo iko mutu anakaa!”

Mama aliinamia karata zake, nami nikaitazama ile nafasi ya dada.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliingia jikoni nikampigia dada simu.

“Kuya nyumbani,” nikamwambia.

“Papa amesema nini?”

“Hajasema. Kuya tu.”

Niliogopa sana baada ya kukata simu. Kama nilikuwa nimemsoma Papa vibaya, dada angefukuzwa mlangoni mbele ya majirani, na asingerudi tena maishani.

Alifika alasiri iliyofuata kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatukuta tunacheza. Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi.

“Amahoro, Papa,” alisalimu.

Papa hakuinua kichwa. Alizisogeza kokwa zote kwa kiganja, polepole, mpaka kwenye ile nafasi tupu.

“Ile ni mafuta yako,” alisema. “Ikaa. Zamu iko yako.”

Dada alikaa. Mdogo wangu, mwanasheria wetu, alifungua mdomo kusema kwamba hakuna anayeruhusiwa kuanza na mafuta mengi namna ile. Mama akamfinya. Dada alinunua vinu, akanunua mitumbwi, akatushinda sote bila huruma huku machozi yakidondokea karata zake. Papa alikuwa wa mwisho, na sijawahi kumwona amefurahi vile.

Kisha Mama akaenda nyuma ya mitungi, akarudi na ile chupa ya dada. Papa mwenyewe aliijaza mpaka ikafurika, halafu akamgombeza Mama kwamba chupa ni ndogo.