Alama ya Mkono Kwenye Ekzosi

Kaka yangu ni mshenzi. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani namtetea kwa kuwa tulinyonya ziwa moja. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini damu niliyoifuta mimi kwenye sakafu ya nyumba yake ilikuwa ya wifi yangu, na ilikuwa nzito vilevile.

Huyo wifi pale gereji tunamwita Kioo. Mimi nauza vipuri kwenye dirisha la mbele, yeye yuko nyuma kwenye mashine ya kung'arishia. Mletee bomba la moshi la gari, ekzosi ya stenlesi, iliyoungua ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni, atakurudishia unayoweza kujitazama ukachana nywele. Anaiosha kwanza kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, kisha msasa na maji, wa kukwaruza halafu laini halafu laini zaidi, ndipo gurudumu la kitambaa. Gurudumu hilo ni la kuogopwa. Ukiligusisha ukingo wa bomba vibaya linalinyakua bomba na kulirusha, na limewahi kumvunja taya mwanamume mzima aliyedhani kazi ya mwanamke ni rahisi. Kioo hulishika bomba kama mtoto anayekataa kuoga, kwa nguvu na bila hasira.

Alikuwa na amri mbili. Bomba likishafutwa kwa spiriti, hakuna kulishika kwa mkono mtupu, maana jasho la kiganja likikutana na moto wa injini linaungulia kwenye chuma na alama yake haitoki kwa kitambaa. Na stilwuli ya kusugulia sufuria isionekane mezani kwake. Ile ni chuma cha kawaida. Inaacha chembe zake kwenye stenlesi isiyoshika kutu, na mvua ikinyesha chembe hizo zinashika kutu. Siku moja fundi wa breki alilisugua bomba kwa stilwuli akidhani anamsaidia. Kioo alimzaba kofi, kisha akamtilia chai.

Nyumbani kofi lilikuwa la kaka. Alimpiga chumvi ikizidi, alimpiga ikipungua. Alimng'oa jino kwa kisigino cha kiatu. Alimgonga kichwa kwenye fremu ya mlango hadi mlango ukawa haufungi vizuri, halafu akamgombeza kwa kuharibu mlango. Mama yetu alimwambia avumilie, mambo ya nyumba ni siri. Nikamuuliza mama hiyo siri ni ya nani, maana mtaa mzima unaisikia.

Kilichomchoma kaka hasa ni ile kazi. Watu walimuulizia Kioo, yeye hakuna aliyemuulizia. Alikuwa akishinda kutwa analifuta gari lake. Akamwamuru mkewe aache, akae nyumbani. Wifi akakataa. Ndilo jambo pekee alilowahi kumkatalia, na alilikataa kila siku. Mimi aliniambia kwamba mkono wake wa kulia ndio mlango wake wa kutokea: siku akichoka ataondoka na wanawe wawili, na mkono huo utawalisha. Kwa bahati mbaya alimwambia na kaka.

Siku yenyewe kaka alileta gari lake ling'arishwe ekzosi. Kioo alilifungua bomba, akalifanyia kazi asubuhi nzima, akalifunga tena, kisha injini ikawashwa isikilizwe kama kuna panapovuja. Iliunguruma muda mrefu. Mteja mmoja akapita, akainama, akasema mikono iliyofanya kazi ile iwekewe mlinzi. Wifi akacheka. Hakufanya kosa lingine zaidi ya hilo.

Kaka alimshika shingo kwa nyuma, akampigisha magoti nyuma ya gari. Mimi dirishani nilidhani anamwonyesha kasoro. Akaivuta glavu ya mkono wa kulia, akaitupa, akasema, wala hakupaza sauti, "Tutaona mkono huu utawalisha nini."

Akakikandamiza kiganja cha wifi kwenye bomba, akaweka na goti juu.

Nilisikia nyama ikiungua kabla sijasikia kilio. Sijui nilirukaje lile dirisha. Mkononi nilikuwa na mpini wa jeki, nikampiga nao mgongoni, nikampiga begani, nikampiga tena. Nilikusudia kuvunja mfupa na sikuvunja, jambo linaloniuma hadi leo. Fundi wa breki akamrukia, wakaangushana kwenye oili chafu, kaka akamng'ata sikio akalitoa kipande, akainuka na damu mdomoni, akaingia garini na kuondoka kwa kasi. Ngozi ya wifi aliondoka nayo kwenye bomba.

Daktari alisema vidole huenda vikapona vikiwa vimejikunja. Kaka alilala mahabusu kidogo, akatoka. Wifi na wanawe walihamia kwangu, na mama akaja na ujumbe kwamba mume anamtaka arudi, kwani sasa atakula kwa mkono gani? Nilimtoa mama yangu mzazi nje na kufunga mlango, Mungu anisamehe.

Kila asubuhi wifi aliukandamiza ule mkono kwenye ukingo wa meza yangu, vidole vifunguke, kitambaa kikiwa katikati ya meno. Makovu yalipasuka, damu ikachuruzika kwenye mbao. Nilimwomba apumzike. Alinijibu nimwachie mkono wake.

Siku aliyorudi kazini, gurudumu lilimnyang'anya bomba na kulirusha likapita karibu na kichwa cha fundi wa breki. Huyo akasema sikio lililobaki bado analihitaji. Tulicheka hadi machozi. Wifi aliliokota bomba, akalishika upya, na safari hiyo halikumtoka.

Kaka naye alikuwa na lake. Kiganja cha wifi kilikuwa kimeungulia kwenye ekzosi, na vidole vyake vyote vitano. Alifuta kwa kitambaa, wapi. Akazunguka kwa mafundi wengine wa mjini, lakini habari ilishamtangulia. Kila mmoja aliinama, akatazama, akasema mashine yake imeharibika. Ndipo akachukua stilwuli jikoni akasugua mwenyewe, na penye alama ndipo alipotia nguvu zake zote, akifuata kila kidole. Ikatoka. Akatamba mtaa mzima kwamba hamhitaji mwanamke kung'arisha bomba.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mvua za kwanza zilinyesha, na kutu ikaota pale pale aliposugua. Kiganja kikarudi, safari hii chekundu. Watoto wa mtaani walilikimbiza gari lake wakinyoosha viganja juu. Alitaka kuliuza, wanunuzi walizunguka nyuma, wakauliza ile ni nini, wakaaga.

Mwishowe akaja gereji. Nilishika mpini wa jeki, wifi akaniashiria niuweke chini. Kaka alisimama mbali kidogo na mashine, amekonda.

"Mama watoto, nisaidie," akasema. "Niondolee tu hii."

Wifi alichuchumaa nyuma ya gari, akavua glavu. "Umesugua kwa stilwuli."

"Ndiyo."

"Ya jikoni."

"Ndiyo."

Akakiweka kiganja chake chenye kovu juu ya ile kutu, taratibu, kidole juu ya kidole, na vikalingana. Bomba lilikuwa limepoa. Kaka aliangalia pembeni, akauliza kama itatoka.

"Itatoka," wifi akasema. "Lakini si kwa mkono huu."

Akavaa glavu, akarudi kwenye mashine yake, akaiwasha. Kaka alisema kitu kingine, lakini gurudumu lilikuwa limeshashika kasi na hakuna aliyemsikia.