Nilijisomesha Mwenyewe

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na mdogo wake, yaani mjomba wangu, ndiye yule mwenye kiwanda cha sabuni. Mji mzima ulimwita Povu, kwa mapenzi, na mtu hawezi kumnyima haki yake: alitujengea zahanati, akatuvutia maji, akaweka taa barabarani. Mwisho akajenga shule ya sekondari, ya ghorofa, na maabara yake.

Mama alishona pazia la kufunika jiwe la ufunguzi. Pindo alilidarizi kwa mkono, na macho yenyewe yalikuwa yameanza kufifia.

"Leo mdogo wangu atanitaja," aliniambia asubuhi ya ufunguzi, akitafuta viatu vyake vizuri. "Si lazima aseme mengi. Anitaje tu."

Alikuwa na haki ya kutajwa. Babu alipofariki, Mama ndiye aliyeacha shule akakalia cherehani ili mdogo wake asome. Marehemu bibi alinisimulia kwamba Mama alikuwa anaongoza darasa. Mwenyewe ukimuuliza alikuwa anacheka: "Aa, mimi shule ilinishinda."

Basi tukakaa mstari wa mbele. Mjomba akashika kipaza sauti, suti imemkaa sawasawa.

"Vijana, msisubiri kubebwa! Mimi sikubebwa na mtu. Nilijisomesha mwenyewe!"

Jamani! Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikamgeukia Mama.

"Umemsikia huyu?"

"Nimesikia. Piga makofi, watu wanatuangalia."

Naye akapiga.

Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye cherehani akawa anakanyaga, anakanyaga, na uzi hajatia. Nikamwambia nakwenda kumpasulia Mjomba ukweli, liwalo na liwe.

"Thubutu! Ukimwambia, atasema kwa sababu ameambiwa. Sitaki la kuomba."

Sikwenda. Hadi leo kule kutokwenda kunaniuma.

Mama alifariki mwaka uleule. Baada ya mazishi Mjomba alikuja peke yake, bila dereva, akaketi chumbani kwa Mama katikati ya vipande vya vitambaa. Macho yamemvimba.

"Mwanangu, nataka maktaba ya shule iitwe kwa jina la dada."

"Mama hakutaka maktaba, Mjomba."

"Alitaka nini?"

"Umtaje. Siku ile. Aliacha shule kwa ajili yako, ukasema ulijisomesha."

Alijishika kichwa. "Yeye mwenyewe aliniambia shule ilimshinda."

"Na wewe ukaamini, kwa sababu ilikufaa."

Alikitazama kile kiti cha cherehani, mto wake ulivyobonyea katikati, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Halafu akajikaza.

"Nitawaita watu tena. Wote. Nitasimama palepale nimtaje."

"Waite, Mjomba," nikamwambia. "Mstari wa mbele nimkalishe nani?"