Goti Lililokataa Kukunjika

Wenzake kazini walimwita Mama Sumaku, kwa sababu ukipekua mfuko wa koti lake hukosi kipande cha sumaku. Alikuwa fundi wa maabara katika chuo cha ufundi, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na kazi yake ilikuwa kupima mafuta ya ajabu: meusi, mazito, yaliyochanganywa na unga wa chuma laini kama poda. Yakiachwa hivihivi humwagika kama uji mwepesi. Ukiyasogezea sumaku, chembe za chuma hushikana, zikajipanga minyororo, na mafuta yakakaza hapohapo. Ukiiondoa, yanalegea.

Mhandisi wa maabara ile aliyatia ndani ya goti bandia, katikati ya sahani za chuma zinazozunguka zikipishana. Mtu akikanyaga, betri inapitisha umeme, sumaku inaamka, sahani zinashindwa kuteleza na goti linasimama imara. Akiinua mguu, umeme unakatika, goti linakunjika. Mama Sumaku aliyasugua mafuta yale kati ya sahani, polepole na kwa kasi, hadi mikono ikamnuka chuma hata mezani. Aliyasukuma pia kwenye tundu jembamba kama la sindano. Kote yalimtii.

Akatakiwa mtu wa kulivaa. Alimwendea kaka yake mkubwa, mpaka rangi wa majumba, aliyekatwa mguu juu ya goti baada ya jukwaa la mbao kumporomokea. Tangu hapo alitembelea magongo na kupaka kuta za chini tu.

"Hilo dude lako lina akili kunizidi?" kaka aliuliza.

"Halina akili, kaka. Lina utii."

"Basi mke wangu atalipenda kuliko mimi. Lete."

Alilivaa, akazunguka chumba, akatoka nje, akarudi kifua mbele. Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Haikupita muda kaka akawa anapanda ngazi tena, kopo mkononi, akiwafokea vibarua kama zamani.

Halafu ikaja simu. Ilikuwa asubuhi, Mama Sumaku akiosha vyombo vya maabara.

"Wifi, njoo hospitali. Kaka yako kaanguka ngazini."

"Kaumia wapi?"

"Mkono. Ule wa brashi."

Kaka alikuwa akishuka na kopo la rangi nyeupe. Akainua mguu ili auteremshe, goti likagoma kukunjika. Alibingirika hadi chini, na kifundo cha mkono wa kulia kikapondeka chini ya uzito wake.

Mama Sumaku na mhandisi walilifungua goti lile mezani. Pete iliyotenganisha sahani ilikuwa imelegea, na kila kaka alipotua kwa kishindo, sahani hazikupishana tu, zilikandamizana. Mafuta yalikuwa yamekimbilia pembeni. Katikati kilibaki chuma kitupu, kimeshindiliwa kama udongo uliokauka.

"Tuliyasugua, tukayasukuma," mhandisi alisema, uso umemshuka. "Hatukuyabana."

Mama Sumaku akayabana sasa. Aliyaweka kwenye mashine, sahani ya juu ikashuka, na nguvu ikapanda kupita yote waliyowahi kupima. Siku nyingine angewaita watu wote waje waone. Alisimama peke yake akitazama mafuta yakikamuka na chuma kikibaki. Alipozima umeme, kilikuwa bado kigumu.

Alikwenda kumweleza kaka yake mwenyewe. Alimkuta kitandani, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani likibanwa ndiyo linazidi nguvu?"

"Linazidi sana."

"Mimi nilitaka likunjike tu," alisema, akageukia ukutani.

Goti lilisukwa upya, safari hii kwa pete ngumu isiyoruhusu sahani kukaribiana. Mshonaji mmoja, mama wa watoto wadogo, analivaa mpaka leo na halijamwangusha. Mama Sumaku alipomwambia kaka yake habari hiyo, alijibu, "Vizuri. Wape hao hao." Hakumgombeza hata mara moja. Alimkaribisha, alimpisha kiti, alimuuliza kazi inaendeleaje kama mtu anavyouliza habari za mvua. Afadhali angemtukana.

Kifundo kiliunga upogo. Vidole havikuweza tena kushika brashi, na wale vibarua wakapata msimamizi mwingine.

Jumapili moja alimkuta kaka ameketi kwenye stuli, akipaka rangi mlango wa chumba kwa mkono wa kushoto. Mistari ilikwenda kombo na rangi ilimchuruzikia kiganjani. Mama Sumaku alivua koti, akachukua brashi nyingine.

"Acha, dada," kaka alisema, bila hasira. "Huu niachie."

Akairudisha brashi, akakaa kitandani, akamtazama. Mlango haukumalizika siku ile.