Karatasi ya Mchawi Mwema

Siku ile nilisema ukweli mtupu, na ukweli huo nusura umchome moto shangazi yangu.

Kijiji sikitaji. Watu wenyewe bado wapo.

Naitwa Boaz, fundi simu mjini, pale Kambarage. Shangazi Paskazia, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na nane, akastaafu, akarudi kijijini kuishi peke yake. Moshi wa kuni na dawa za kufulia vilimwachia macho mekundu.

Kama unaijua Usukumani, ambako kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, umeshaelewa kwa nini nayataja macho.

Mchezo aliuleta rafiki yangu Ngusa, mchimbaji wa dhahabu kule Geita. Kuna jamaa mgodini alikuwa nao kwenye simu, kitabu kizima cha Kiingereza. Ngusa akautafsiri kwenye daftari, neno kwa neno.

Si karata wala bao. Ni mchezo wa kusimulia. Kila mtu anabuni mtu wake na kumwandikia karatasi. Mwongozaji anasema, "Mmefika kwenye pango." Nyie mnasema mnafanya nini, dadu inaamua kama mmeweza.

Kwenye karatasi kuna sehemu ya tabia. Maswali mawili tu. Mtu wako ni mwema, mwovu, au yuko katikati? Na je, anashika sheria, anazivunja, au yuko katikati?

Mimi nilikuwa askari. Mwema, mshika sheria.

Tulichezea kwa shangazi kila Jumapili, na yeye akachagua kuwa mchawi.

Hapo ndipo tulipoharibu. Kitabu kilimaanisha msomi wa mambo ya ajabu, lakini neno alilolipata Ngusa ndilo hilo, na sisi tukacheka tukaliacha.

"Mwema, ila sheria hashiki," shangazi akasema. "Nimezishika maisha yangu yote. Huku niacheni nipumue."

Jumapili moja tukabishana sana. Kwenye mchezo, mtu kajificha nyumbani kwetu, na wanaomwinda wako mlangoni wanauliza yuko wapi. Nikasema askari wangu hawezi kudanganya.

"Basi watamuua," shangazi akasema.

"Lakini mimi nitakuwa sijadanganya."

Ngusa akanitolea macho. "Boaz, hapo kwenye wema nakufuta."

Niligoma. Nikamwambia mshika sheria ni mshika sheria.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wanne wa jirani wa shangazi, mzee Masele, wakafa ndani ya siku mbili. Na wiki hiyohiyo shangazi akaenda mashine ya kusaga, karatasi yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Ikadondoka.

Aliyeiokota aliisoma kwa sauti mbele ya foleni.

"Jina, Nyamizi. Kazi, mchawi. Uwezo, kuita moto, kulaza watu, kugeuka ndege. Waliokufa kwa mkono wake, saba."

Wale saba walikuwa mazimwi ya kwenye pango. Nani angeuliza? Na lile neno "mwema" lilikuwepo palepale, hakuna aliyelisikia.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mimi na Ngusa tulikuwa juu ya nyumba ya shangazi tunagongea bati. Tukasikia mwano, ule ukelele wa kuita watu wote kwenye hatari.

Nikajua wameibiwa ng'ombe. Mpaka nilipoona vumbi linakuja upande wetu.

Walikuwa zaidi ya hamsini. Marungu, mapanga, fimbo. Wakatushusha. Shangazi wakamkalisha chini katikati ya uwanja, kanga imemtoka kichwani.

Mmoja alibeba dumu la njano. Nikadhani maji. Upepo ukaniletea harufu.

Petroli.

Kiongozi wao alikuwa Maganga, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu aliyekuwa akimwamkia shangazi kila anapopita. Siku hiyo hakumwamkia. Akainua karatasi juu.

"Hii ya nani?"

Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Wewe kijana. Ya nani?"

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka:

"Ya shangazi."

Usiombe kusikia zile kelele. Jamaa wa dumu akaanza kufungua kifuniko. Shangazi aliniangalia.

"Muongo huyo!" Ngusa akaropoka. "Karatasi ni yangu! Nimeandika mimi kwa mkono wangu!"

Maganga akamtazama. Akachomoa kalamu mfukoni. "Andika hapa. Andika 'mchawi'."

Ngusa akaandika. Maganga akalinganisha.

"Siyo wewe."

Rungu likatua mgongoni, Ngusa akaenda chini.

Kalamu akapewa shangazi. Akaandika polepole, herufi kubwakubwa za mtu asiyeona vizuri. Siyo.

Hapo nikajikojolea. Sifichi.

Kwa sababu kalamu ilikuwa inakuja kwangu.

Karatasi ilikuwa ya shangazi, kweli. Lakini kwa ajili ya macho yake, kila neno nililiandika mimi. Nililijua hilo tangu kamanda alipofungua mdomo. Nikachagua kipande cha ukweli ambacho hakikunigusa.

Nikaandika. Ule mwandiko wangu uliopinda ulitoka vilevile kama kwenye karatasi.

Nikafumba macho nikisubiri petroli.

Nikasikia kicheko.

"Kumbe vijana na upuuzi wao!" mtu akasema. Wengine wakadakia. Ngusa, bado yuko chini, akatoa daftari na dadu, akaeleza mchezo huku anakohoa. Maganga akapitia kurasa mbili, akasonya. Tukachapwa fimbo kumi kila mmoja. Dumu likafungwa.

Hebu fikiria. Karatasi ileile. Neno lilelile. Kwa mama mzee mwenye macho mekundu ni petroli. Kwangu mimi ni kicheko na fimbo kumi.

Maganga akiondoka alimgeukia shangazi. "Shikamoo, mama."

Shangazi hakuitikia.

Kabla wiki haijaisha alihamia Ushirombo kwa binti yake, Martina. Ilinichukua miezi minne kupata ujasiri wa kwenda. Akanipikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga kama nilipokuwa mdogo. Nikaisukuma sahani pembeni.

"Shangazi, nisamehe. Sikudanganya, lakini..."

"Ukweli uliusema, mwanangu," akanikatisha, akanisogezea sahani. "Ila ulimkabidhi mtu mwenye dumu la petroli. Kula."

Ndugu yangu unayesoma, siku ukiulizwa swali na kundi lenye hasira, usikimbilie kujisifu kwamba hujadanganya. Tazama kwanza ni nani amekalishwa chini.