Mikono ya Kukamua

Dawa ya kwanza ilikuwa sindano ya kila mwezi. Sauti za kichwani zilinyamaza, hilo sikatai. Lakini mikono ilikaza kama ya mtu aliyelala nje kwa baridi, na mate yakawa yananitoka. Nikienda kukamua, vidole havishiki chuchu. Ng'ombe anageuka ananiangalia.

Mimi nilifikiri ni ule ugonjwa. Wenye makosa nawajua. Wa kwanza ni daktari aliyenidunga miezi yote hiyo bila kuangalia mikono yangu. Wa pili ni shemeji, ndugu ya marehemu mume wangu. Alisimama kwa zizi akasema, "Wazimu umeshuka kwa mikono sasa. Huyu ng'ombe ataharibika kiwele." Akamfungua, akaenda naye kwake, mlimani juu ya soko la Kiirua. Hata uso wangu ulikuwa umekaza, akafikiri sijali.

Ni nesi wa kliniki aliyenikunja kiwiko, akasikia kinakwama-kwama. "Mama, hii si ugonjwa. Ni dawa." Akanielezea kwamba kichwani kuna kitu kinaitwa dopamini, na kikizidi mtu anaweza kusikia yasiyokuwepo. Dawa hizi zinakituliza, lakini mikono nayo inakihitaji ndio iende. Nikaelewa kwa maji ya shamba: sindano yangu ilifunga mfereji mkubwa, hata mboga za sukuma zikakauka.

Daktari mwingine akanibadilishia tembe, pole pole. Ya kwanza iliniachilia mikono lakini ikaleta usingizi na njaa. Namaliza sufuria ya githeri na bado natafuta. Tukabadilisha tena. Hii ya sasa imenikubali. Mama mmoja tunayekutana naye kliniki ilimkataa, hakuweza kutulia kwa kiti. Yeye ile ya njaa ndiyo inamfaa.

Basi asubuhi moja nikapanda kwa shemeji na ndoo.

"Hiyo ndoo ni ya nini?"

"Ya kukamua."

"Hata mimi ananificha maziwa."

"Wewe unamvuta kama kamba ya kisima."

Nikachuchumaa. Vidole vikashika. Maziwa yakapiga ndoo, povu likapanda. Shemeji akaangalia ndoo, akaangalia mikono yangu, akakohoa.

"Si umrudishe tu kwako," akasema, kama ni yeye amefikiria.

Nikashuka na ng'ombe wangu. Jioni nikapika chai ya maziwa matupu, nikainywa kikombe kikiwa kimetulia mkononi. Shemeji sijamsamehe, na chai hiyo sikumpa.