Siku Niliyomnyamazisha Shangazi

Kwetu Kipini, miaka ya hamsini, shangazi yangu ndiye aliyeitwa kila harusi kuongoza nyimbo za wanawake. Nyimbo zenyewe zilikuwa na matusi ya wazi, ya kumcheka bwana harusi na kumfunza bibi harusi. Siku za kawaida hungemsikia hata akimwita mbuzi mjinga.

Nilipoposwa na karani wa Garsen niliona haya. Nilikuwa nimesoma kidogo, na mchumba wangu alisifiwa kuwa mstaarabu. Nikamfuata shangazi jikoni, nikamwomba siku yangu asiimbe yale maneno. Aliendelea kukuna nazi, kisha akauliza nani aliyeniambia ni matusi. Nikajibu kwamba kila mtu anajua. Akasema basi, hataimba.

Siku ya harusi bwana harusi alileta gramafoni, ikawekwa barazani. Santuri moja ilisimulia kisa cha mwanamke na mgeni wake wa mchana, maneno yamefunikwa kidogo tu. Wanaume walicheka, na watoto wamesimama pale pale. Hakuna aliyelalamika. Shangazi alikuwa ndani, ameketi kando yangu.

"Mimi sijayatamka mbele ya mwanamume wala mtoto, mwanangu," akaniambia polepole. "Hufunga mlango kwanza."

Mwaka uliofuata gari la sinema lilikuja Garsen. Kwenye picha mzungu mmoja alimfokea mwenzake kwa muda mrefu, na mkalimani akatangaza kwa kipaza sauti kwamba bwana yule amekasirika kidogo. Mume wangu, aliyejua Kiingereza, alicheka mpaka akafuta machozi. Aliponinong'oneza tusi lenyewe nilifunika uso. Nikauliza mbona mkalimani ameficha. Akaniambia nitazame waliokaa pale: wazee, wakwe zao, watoto, Wapokomo na Waorma pamoja. Angesemaje?

Hapo nikaelewa kwamba shangazi naye alikuwa na sheria yake, kali kuliko ya gramafoni, nami sikujisumbua kuiuliza.

Nilikwenda Kipini kumwomba radhi, nikiwa mjamzito. Alinipikia samaki, akasema alinisamehe siku ile ile. Nikamwomba anifundishe zile nyimbo.

"Tangu harusi yako sijaimba," akasema. "Nyingi nimezisahau."

Alifariki kabla mtoto wangu hajaanza kutambaa. Sikupata hata ubeti mmoja, na bado najuta kwamba katika watu wote wa harusi ile, nilimwonea haya yeye.